Siku Tulipomzika Mshindi

Kulia nilijifunza uwanjani, si msibani. Msibani nilikuwa mtu wa kukaa jikoni na kukoroga bukari, ugali wetu, kwa sababu machozi yangu ni magumu, na mama yangu alikuwa akinifinya mbele za watu nilipokosa kuyatoa. Lakini nipe timu iliyoshinda, barabara pana na wanawake wa kunifuata nyuma, nitakupigia kilio mpaka mbwa wa Musonoi, mtaa wetu wa Kolwezi, wajifiche. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa mliaji mkuu wa timu yetu, timu ya wekundu, na cheo hicho sikupewa kwa huruma. Nilikipigania.

Najua mtu wa mbali atauliza timu ya mpira inataka mliaji wa nini. Kwetu, tukishinda mechi kubwa, hasa tukiwafunga wale wa kijani wa mtaa wa stesheni, mshindwa anazikwa. Tulikuwa na jeneza kabisa, si la mchezo. Seremala wa karakana ya mgodi alilitengeneza kwa mbao za makasha yaliyoleta mashine kutoka Ulaya, akalipaka kijani, akaweka na vishikio vya shaba maana shaba kwetu haikuwa shida. Wanaume waliovaa makoti meusi walilibeba mabegani kutoka uwanja wa Musonoi mpaka mjini, kwenye nganda ambako wapenzi wa kijani hunywea, hatua chache tu kutoka stesheni ya treni. Tuliliweka jeneza mlangoni mwao, tukaomboleza kidogo, tukarudi nalo. Wenyeji walitutupia chupa tupu au walitununulia zilizojaa, ilitegemea wamefungwa namna gani.

Wabebaji walikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, lazima wawe wamelewa. Si ulevi wa aibu, ni ulevi wa kazi. Kwetu katika misiba ya kweli, marehemu akiwa na neno moyoni, jeneza hukataa kwenda. Linawavuta wabebaji huku na kule, linazunguka, na mwisho linakwenda kusimama mbele ya yule anayeshukiwa kumuua. Watu wazima na akili zao wameshakimbia nyumba zao kwa sababu ya jambo hilo. Mzaha wetu uliiga hapo hapo: jeneza la kijani nalo lilikataa, likayumba, likamtafuta mwenye kosa, na mara nyingi likaenda kwa golikipa wao. Mtu asiyelewa hawezi kuyumba vizuri. Tuliwahi kumjaribu mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, akatembea wima kama anapeleka meza, tukamwondoa siku hiyo hiyo.

Sheria ya pili, jeneza na wabebaji hawaingii uwanjani. Tuliamini kwamba jeneza likiuona mpira kabla ya mechi kuisha linaweza kumzika yeyote, hata sisi wenyewe. Basi wao walikaa nje ya ukuta, wamelikalia jeneza lao, wakinywa na kusikiliza makelele. Bao wasingeliona. Na mtu akitoka kuwaambia matokeo hawakumwamini, kwa sababu kila aliyetoka pale alikuwa amelewa na kila mlevi alikuwa na matokeo yake. Walinisubiri mimi, maana mimi sinywi. Nikitoka getini nalia, tumeshinda, wanainua. Nikitoka kimya, wanamaliza chupa na kwenda nyumbani.

Mume wangu alikuwa shemasi kanisani na hakupenda mambo haya hata kidogo. Jeneza lenyewe lilikaa kwetu, nyuma ya jiko, na mimi nilitunzia humo gunia la unga kwa sababu panya hawakuweza kuzitafuna mbao zile. Alikula bukari ya unga uliotoka ndani ya jeneza kwa miaka yote na kunung'unika kwa miaka yote. "Mama," aliniambia siku moja, "unalia kila juma kwa mupira. Siku ya kulia kweli, utalia na nini?" Nilimjibu kwamba siku hiyo nitaazima machozi kwa mama yake.

Sauti ya pili ya kilio changu alikuwa jirani yangu wa upande wa pili wa ua. Alikuwa mshonaji. Yeye ndiye aliyeshona makoti meusi ya wabebaji na vitambaa vyetu vya kufiwa, na alikuwa na cherehani ya mkono aliyorithi kwa mama yake, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyokwisha kufutika pale mkono unapopita. Babu yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Baba yake alizaliwa Musonoi, na yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi. Mimi nilikuja kwa treni kutoka kaskazini, bibi harusi na beseni langu kichwani, na mtu wa kwanza kunionyesha bomba la maji lilipo alikuwa yeye. Kati yetu wawili, mgeni wa Kolwezi nilikuwa mimi.

Enzi za bia, ulevi wa uwanjani ulikuwa na adabu yake. Kampuni ya mgodi ililipa, malori ya bia yalifika, na mtu aliweza kulewa bila kumsumbua yeyote ila mkewe. Kulikuwa na fundi umeme mmoja ambaye kila mechi alivua suruali na kuipeperusha kama bendera tulipopata kona. Si bao, kona. Kulikuwa na mwingine, karani mzima wa ofisi, aliyeingia uwanjani mpira ukiendelea, akakumbatia mlingoti wa goli la kijani na kulala amesimama. Wachezaji walimwomba, askari walimwomba, mwishowe refa akaamua mechi iendelee naye hapo hapo. Baadaye mpira ulimgonga mgongoni ukaingia golini, wapenzi wa kijani wakadai si bao, na kesi hiyo haijaisha mpaka leo.

Halafu mambo yakaharibika. Migodi ikasimama mmoja mmoja. Kule mgodi wa Mashamba mashine kubwa zikabaki zimeinamisha shingo ndani ya mashimo, maji yakapanda. Mishahara ikawa hadithi. Askari wakapora maduka, na mafundi wa kizungu wakaondoka wameacha mbwa. Lori la bia halikuonekana tena, na watu wakahamia lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayopikwa nyuma ya nyumba na kutiririka kwenye bomba kidogo kidogo.

Bia humfanya mtu aimbe. Lutuku humfanya mtu ajue sheria za mpira. Ghafla kila mtu alikuwa refa. Mechi zilisimama katikati kwa sababu nusu ya jukwaa ilikuwa imeshuka uwanjani kumwonyesha mshika kibendera mahali pa kusimama. Refa mmoja alikimbia na mpira, akajifungia kwenye gari la wagonjwa, nao wapenzi wakalisukuma gari lile, refa akiwa ndani, mpaka katikati ya uwanja ili amalize dakika zilizobaki. Alizimaliza, amechungulia dirishani, kipenga mdomoni. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ningekuwa mwongo nikisema ile miaka ilikuwa huzuni tu.

Lakini kuna Jumapili moja sikucheka. Wanasiasa walikuwa wameanza kusema redioni na kwenye mikutano kwamba njaa yetu imeletwa na watu wa Kasai, kwamba warudi kwao. Winga wetu wa kushoto, kijana mtaratibu ambaye babu yake pia aliletwa kutoka huko, alipoteza mpira. Mlevi mmoja nyuma yangu akapiga kelele: "Rudia kwenu!" Watu wakacheka, kama walivyomcheka yule wa suruali. Jirani yangu alikuwa amekaa kando yangu na kitambaa chetu chekundu kichwani. Hakugeuka. Mimi niligeuka, nikamtukana yule mtu matusi ambayo shemasi wangu hajui kama ninayajua. Nilikuwa nimeona aibu, na aibu kwangu hutoka kama hasira.

Baada ya hapo maneno yale yakawa wimbo. Winga hakuonekana tena, wala mpiga ngoma mkubwa, wala mama aliyekuwa akituuzia karanga. Vijana wenye fimbo wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Familia zikaenda stesheni na kukaa hapo kando ya reli, juma baada ya juma, kusubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kupaona hata kwa picha.

Kwenye njia panda ya kwenda mjini vijana hao waliweka kizuizi cha mapipa. Aliyepita na mizigo aliiacha. Magodoro, redio, baiskeli, sufuria, hata milango ilirundikwa hapo. Lakini zaidi walipenda cherehani, kwa sababu cherehani ni kitu kinachobebeka na kila mtu anajua kazi yake.

Jirani yangu alikuja kwangu asubuhi ya siku yao ya kwenda, akapitia tundu la ua tuliloliacha kwa makusudi miaka yote. Alikuwa ameikumbatia cherehani, imefungwa kwa kitenge. Mume wake hakuwa na kazi tena, watoto wao walikuwa wengi na wadogo.

"Yaya," akaniambia, yaani dada mkubwa, "bakiitwala hii, mi nitalisha batoto na nini kule? Siyue muntu, siyue njia. Mukono yangu njo hii."

"Iache hapa," nikamwambia. "Nitakuletea ku gare, ku treni."

"Utapita nayo namna gani?"

Sikujua. Nilisema tu kwa sababu mdomo wangu hutangulia. Alikwenda na watoto wake na vifurushi vyao, na kwenye mapipa wakawaachia nguo walizovaa na sufuria moja. Mimi nilibaki na cherehani chini ya kitanda na shemasi juu ya kitanda, ambaye kwa mara ya kwanza hakunung'unika. Aliuliza tu kila asubuhi kama nimepata njia.

Njia ilikuwa nyuma ya jiko. Niliiona nilipokwenda kuchota unga na kukuta hakuna unga. Jeneza lilikuwa tupu, kavu, pana. Jumapili tungecheza na kijani. Kama tungeshinda, msafara ungepita kwenye yale mapipa na kuishia hatua chache kutoka stesheni, kama siku zote, na ni nani angethubutu kusimamisha maziko ya kijani? Shemasi mwenyewe aliilaza cherehani ndani, akaizungushia godoro la mtoto ili isigonge, akapiga misumari. Aliomba pia, na sala yake ilikuwa kwamba wekundu washinde. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Ikabaki kushinda.

Jumapili ile tulikuwa hatuna winga wa kushoto wala beki wa kati, maana wote wawili walikuwa stesheni. Wapenzi wetu walikuwa tilalila hata kabla ya mechi kuanza. Habari zilikuwa zimefika kwamba kichwa cha treni kimekuja kweli na kwamba mabehewa yataondoka siku hiyo hiyo, basi roho yangu ilikuwa juu tangu asubuhi. Kijani walipata la kwanza mapema. Mimi sikai kimya uwanjani, lakini siku hiyo niliwapigia kelele wachezaji wetu kwa majina ya mama zao. Kipindi cha pili wakapata la pili, na hapo ndipo jukwaa letu lilipomwagika. Fundi umeme aliivua suruali, safari hii akajaribu kumfunga nayo refa mikono. Chupa zilipita juu. Nusu ya watu walikuwa wakipigana na kijani na nusu nyingine wakipigana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani alisababisha. Makelele yalikuwa makubwa, na ukiwa nje ya ukuta usingejua ni ya furaha au ya ghadhabu.

Hilo ndilo nililoliwaza: nje ya ukuta.

Nikasimama, nikafunga kitambaa kiunoni, nikaelekea getini. Waliaji wenzangu wakanifuata kwa mazoea. Mmoja akanishika mkono.

"Mama, lakini shiye njo tumepigwa."

"Lia," nikamwambia.

"Tulilie nini?"

"Lia, nitakuambia mu njia."

Nikatoka getini na kilio ambacho sijawahi kukitoa tena. Wabebaji walikuwa wamelikalia jeneza, macho mekundu, chupa ya lutuku inazunguka. Mkuu wao alikuwa mtu mkubwa, dereva wa mashine ya kuchimba kule Mashamba zamani mashine zilipokuwa zinachimba. Aliponisikia aliinuka, akajipangusa koti, akawaambia wenzake kwa heshima yote ya mlevi: "Batu, tumeshinda. Tunyanyule mufu."

Wakanyanyua. Wakayumba zaidi ya kawaida.

"Leo iko muzito," mmoja akasema.

"Bametia na refa ndani," mkuu akajibu, nao wote wakaona ni sawa.

Tulikwenda. Nyuma yetu uwanjani watu walikuwa bado wanapigana, kwa hiyo hakuna aliyetufuata kusema ukweli. Mbele yetu watu walitoka majumbani, wakasikia kilio changu, wakaanza kupiga makofi na kucheza. Wanawake wa Musonoi walioniona walipiga vigelegele. Nilikuwa naongoza maziko ya timu iliyotupiga mbili bila, na mitaa mizima inafurahi. Wenzangu walipoambiwa njiani kilichomo ndani, mmoja alianza kucheka akashindwa kuacha, ikabidi afunike uso na kitambaa. Waliomwona walisema leo mama yule ameguswa sana.

Tukafika kwenye mapipa. Vijana walikuwa wamekaa kwenye magodoro ya watu, nao wamekunywa ile ile lutuku yetu. Kiongozi wao nilimjua. Alikuwa mpeperushaji wa bendera yetu, na koti alilovaa siku ile lilishonwa na jirani yangu. Akaruka juu.

"Mama, tumebapiga?"

"Weye unasikia nini?" nikamwuliza, na nikaongeza sauti.

Akavuta pipa pembeni mwenyewe, akaanza kucheza. Nikadhani tumepita. Ndipo akasimama mwingine ambaye sikumjua, kijana aliyekuja kutoka Kisenge, nilivyosikia baadaye, asiyezijua desturi zetu. Hakuwa amelewa sana, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Simameni. Fungula sanduku."

"Ndugu, ni mupira tu," kiongozi akamwambia.

"Banapitisha bitu mu masanduku. Fungula."

Akilini nilimwona jirani yangu kando ya reli, mikono mitupu. Mkuu wa wabebaji alimtazama yule kijana kwa muda, kama mtu anayetafuta neno na neno limetoka kwenda mahali. Alikuwa ametukanwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kudai kufungua maiti yake.

"Unataka kufungula mufu ya batu?" akauliza polepole.

Na jeneza likakataa.

Lilianza upande wa nyuma. Wabebaji wawili waliingia pembeni, wa mbele wakavutwa, likazunguka zima mara moja na kusimama. Halafu likaenda moja kwa moja kwa yule kijana. Akarudi nyuma hatua. Likasogea. Akahamia kushoto, nalo likaenda kushoto. Vijana wenzake waliacha kucheza. Mimi niliacha kulia pia, kwa sababu nimeliona jeneza lile likizunguka mara nyingi sana, lakini siku zote wabebaji walikuwa wanacheka. Siku hiyo hawakucheka. Mkuu alikuja kuniapia kwamba hakusukuma, kwamba alivutwa. Alikuwa na lutuku nyingi ndani yake, nami sikubishana naye.

"Inamutaka," mtu mmoja akasema.

Kijana akajikwaa kwenye rundo, akaangukia magodoro, na pembe ya kijani ikasimama juu ya kifua chake. Aliitazama kwa macho ambayo si ya mzaha. Inaonekana alikuwa na jambo la kuogopa.

"Pitisheni," akasema. "Mi sikugusa muntu. Pitisheni."

Tulipita. Kiongozi wa mapipa naye akaacha kazi, akatufuata na fimbo yake akiizungusha kama bendera ya zamani.

Pale kwenye nganda ya kijani hatukusimama. Nilitangulia nikipiga kilio mpaka stesheni, na wabebaji, ambao kazi yao ni kunifuata, walinifuata. Hapo nilifanya jambo ambalo sikulitegemea: niliwatisha watu. Mamia ya familia kando ya reli, wenye vifurushi na moto wa kupikia, walisikia kundi la walevi linakuja na kuimba, wakawashika watoto wao. Kwa majuma mengi kundi la namna hiyo lilimaanisha jambo moja tu kwao. Lakini mwanamke mmoja alisimama katikati yao. Alikuwa amekitambua kilio.

Alinijia mbio, akakumbatia shingo yangu.

"Tumebapiga ngapi?" ndilo neno lake la kwanza. Mpenzi wa wekundu hata kwenye lango la kufukuzwa.

Nikamnong'oneza sikioni: "Njo beye balitupiga. Mbili."

Akaniangalia, akaliangalia jeneza, akawaangalia wabebaji waliojaa fahari, akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mawe ya reli, watoto wake wakaja kumtazama, nao wakaanza kucheka bila kujua kwa nini.

Misumari ya shemasi ilikuwa mingi. Ilipotoka na kifuniko kuinuliwa, mkuu wa wabebaji aliinama kuangalia ndani, na akabaki ameinama.

"Mufu iko wapi?"

Akaona godoro la mtoto, akalivuta, akaona maua ya dhahabu yaliyofutika. Alijua cherehani ile. Koti lake lilipitia hapo, na nguo ya harusi ya binti yake. Akageuka kumtazama mshonaji, akatazama mabehewa, na nilimwona akielewa, polepole, na pombe ikimtoka usoni. Niliogopa kwamba atakasirika kwa kudanganywa. Ana haki, mbebaji asiyeambiwa anabeba nini.

"Na hapa tutamuacha chini?" akawauliza wenzake. "Tumubebe mupaka mu behewa."

Wakaiinua cherehani mabegani, watu sita kwa kitu anachobeba mwanamke mmoja, wakaenda nayo kando ya treni kwa mwendo ule ule wa kuyumba. Watu waliokuwa wamewashika watoto wao wakaanza kupiga makofi. Yule wa bendera alitangulia kuwafungulia njia, na hakumtazama mtu usoni. Wakaiweka mlangoni mwa behewa mbele ya mwenyewe, na mkuu akavua koti lake jeusi, akaifunika.

Treni iliondoka bila kupiga honi. Jirani yangu alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya koti lile. Hatukuambiana kwaheri, hatukuwahi kujifunza, kwa sababu tulikuwa na tundu kwenye ua. Mabehewa yalipoanza kusogea nilitaka kumwita nikashindwa, na badala ya jina lake kikatoka kilio. Hakikuwa kile cha uwanjani. Kilikuja na machozi, yale magumu, yaliyomfanya mama yangu anifinye, na yalipoanza sikuweza kuyasimamisha.

Nyuma yangu wabebaji walisikia. Walikuwa wanatafuta mwisho wa chupa, na waliposikia mliaji mkuu analia kuliko alivyowahi kulia, walielewa jambo moja tu. Mkuu akarusha mikono juu. "Tumeshinda tena!" Wakalinyanyua jeneza tupu, wakaanza wimbo. Kule mlangoni mwa behewa jirani yangu aliwaona, akaniona, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika, na kwa umbali ule sikujua kama anacheka au analia. Nikafunga kitambaa changu kiunoni na kutangulia mbele ya jeneza, kama inavyotakiwa, nao wakanifuata wakiimba mpaka Musonoi.